MAUMIVU YA KIUNO: NI JAMBO GANI LIMPELEKALO MWANACHAMA ZAHANATI?



Katika kurasa hizi za mafunzo tumezoea kuzungumza juu ya daftari la fedha taslimu, mizani, stakabadhi na ziada ya msimu. Somo la safari hii linahusu mwili wa mwanachama, na hasa ile sehemu ya mgongo iliyo chini ya mbavu na juu ya makalio, ambayo wengi wetu huiita kiuno. Huenda mmoja akauliza: mkaguzi wa ushirika ana shughuli gani na viuno vya watu? Jibu ni kwamba kila nifunguapo daftari la mikopo la chama cha akiba na mikopo, katika safu ya sababu ya mkopo hulikuta neno "matibabu" mara nyingi. Na nikimwuliza katibu ni matibabu ya nini, jibu moja lirudilo kila mahali ni "mgongo". Neno hilo dogo huondoka na mbuzi, na ng'ombe, na hata pamba ambayo ingali shambani. Basi ni haki tukae tuulize mwanachama hutafuta nini aendapo kutibiwa kiuno, kwa nini huenda siku ile na si siku nyingine, na kwa nini mwingine mwenye maumivu yale yale haendi kabisa.

Kwanza tukubaliane kwamba zao letu ni kazi ya mgongo tangu mwanzo hadi mwisho. Mkulima wa pamba huinama kulima kwa jembe la mkono, huinama kupanda, huinama palizi ya kwanza na ya pili, kisha hubeba bomba la dawa mgongoni. Bomba la lita 15 likijazwa maji huwa na kilo 15 za maji peke yake, mbali na uzito wa bomba lenyewe, na kamba zake huvuta mabega siku nzima. Halafu huja kuchuma, kupeta, kufunga na kubeba hadi kituoni. Hata katibu asiyeshika jembe hakusalimika, kwa maana msimu wa ununuzi humkuta ameketi juu ya kigoda tangu alfajiri, shingo imeinamia stakabadhi, na jioni hunyanyuka kwa kushika meza.

Wala tusidhani kwamba jambo hili ni letu peke yetu. Hesabu ya wataalamu wanaopima uzito wa maradhi duniani yaonyesha kwamba mwaka 2020 watu milioni 619 walikuwa na maumivu ya kiuno, na wanakadiria kwamba ifikapo mwaka 2050 watakuwa milioni 843. Hakuna ugonjwa mwingine unaowafanya watu waishi miaka mingi zaidi wakiwa na ulemavu wa kazi kuliko huu. Kwa upande wa Afrika, wachunguzi waliokusanya taarifa 27 za nchi mbalimbali za bara letu, na kuzichapisha mwaka 2007, waliona kwamba kwa wastani watu wazima 62 katika kila 100 wamepata kuumwa kiuno angalau mara moja maishani, na 32 katika kila 100 walikuwa wakiumwa wakati ule ule walipoulizwa. Ile dhana ya kwamba maumivu ya kiuno ni ya watu wa Ulaya wakaao ofisini, na kwamba Mwafrika amezoea kuinama, haina msingi.

Sasa tuingie katika swali lenyewe. Kama watu wote wenye maumivu wangekwenda zahanati, foleni ingefika barabarani. Lakini hawaendi wote. Mwaka 2010 wachunguzi waliunganisha taarifa kadhaa zilizouliza swali hili, wakakuta kwamba katika kila watu 100 wenye maumivu ya kiuno, 58 walitafuta msaada wa matibabu na 42 hawakutafuta. Walipochunguza tofauti baina ya makundi hayo mawili waliona jambo la kutufunza: ukali wa maumivu ulikuwa na sehemu yake, lakini kilichopita vyote ni kiasi ambacho maumivu yalimzuia mtu kufanya shughuli zake. Yule ambaye kiuno kilimzuia kwa kiwango kikubwa alielekea kwenda kutibiwa karibu mara nane kuliko yule ambaye aliumwa lakini akaendelea na kazi. Wanawake walielekea kwenda zaidi kuliko wanaume, na vile vile wale waliopata kuumwa siku za nyuma. Uchunguzi wa namna hii umefanywa zaidi katika nchi zenye uwezo, ambako daktari hayuko mbali, kwa hiyo tusizichukue hesabu zake kama zilivyo na kuzibandika juu ya vijiji vyetu. Hata hivyo kiini chake chatuhusu sana. Mkulima haendi zahanati kwa sababu anaumwa, kuumwa amekuzoea. Huenda siku ile ambayo jembe limemshinda.

Na hapa kalenda ya shamba ina neno lake. Katibu mwangalifu ataona kwamba mwezi wa palizi viuno vinauma sana lakini safari za hospitali ni chache, maana nani ataacha majani yameze shamba? Kisha pamba ikiuzwa na fedha zikapatikana, ndipo watu huanza kusema, "Sasa niende nikatazame huu mgongo." Mgonjwa hakuzidiwa mwezi huo, amepata nauli. Ukaribu wa barabara, bei ya kipimo, mtu wa kumwachia watoto, na fedha mkononi, hayo huamua siku ya safari kama vile maumivu yanavyoamua, na pengine zaidi. Ndiyo maana si sahihi kumhukumu mwanachama kwamba "hakuwa mgonjwa kweli" kwa kuwa alingoja msimu uishe.

Sababu ya pili ni hofu, na hii ndiyo kubwa kuliko tunavyokubali kusema mbele ya mkutano. Mtu huweza kustahimili maumivu anayoyajua jina; asiyoyajua humnyima usingizi. Mkulima aliyeumwa kiuno huambiwa na huyu kwamba ni figo, na yule kwamba ni ngiri, na wa tatu kwamba kuna mkono wa mtu. Mwanamke huambiwa ni chango, na kwamba asipotibiwa hatazaa. Mwanamume huingiwa na hofu ya aina yake, kwa kuwa katika usemi wetu neno kiuno limebeba mambo mawili: mahali pa maumivu na nguvu za kiume. Pita katika mnada wowote utamsikia mwuza dawa akinadi dawa moja ya mgongo, kiuno na nguvu, kana kwamba vyote vitatu vimo katika chupa moja. Mwanamume akisikia hivyo, maumivu ambayo kesho yangepoa yenyewe humgeukia kuwa aibu ya nyumbani, naye hutoa fedha haraka kuliko anavyotoa ada ya chama. Ukweli ni kwamba maumivu ya kawaida ya misuli na viungo vya mgongo hayaondoi uwezo wa mwanamume. Kuna hali moja ya hatari, ya kubanwa kwa neva za chini ya mgongo, ambayo huweza kuathiri sehemu hizo. Hiyo nitaieleza mbele, na dawa yake haiuzwi mnadani.

Kuhusu figo nalo lafaa neno. Figo ziko juu zaidi ya pale wengi wanapopashika, karibu na mbavu za mwisho. Maumivu yatokanayo na figo aghalabu huambatana na homa, au mkojo wenye damu, au kuchoma wakati wa kukojoa, au maumivu makali yanayokuja kwa mawimbi na kushuka kuelekea kinena. Tena ugonjwa wa figo wa muda mrefu, ule unaomfikisha mtu kwenye mashine ya kusafisha damu, mara nyingi hauumi kabisa hadi umekwisha kwenda mbali. Mtu anayeumwa kiuno akiinama na kupata nafuu akilala kwa upande, hana sababu kubwa ya kushuku figo.

Sababu ya tatu haisemwi ila kwa mzunguko: mtu huenda zahanati ili aaminiwe. Mguu uliovunjika huonekana, jicho jekundu huonekana, kiuno hakionekani. Mwenye maumivu ya kiuno hutembea, hula, hucheka na wageni, na akiombwa ashike jembe husema hawezi. Mkewe hunyamaza siku ya kwanza na ya pili. Siku ya tano husema neno. Kijana wa kazi husema, "Mzee amekuwa mvivu." Katika kundi la kulimiana kwa zamu, wenzake huhesabu siku alizokosa. Mtu wa namna hiyo anapomwendea mganga wa zahanati anatafuta dawa, naam, lakini anatafuta pia cheti, na jina la ugonjwa, na sauti ya mtu mwenye elimu itakayosema mbele ya jamaa kwamba haongopi. Taarifa zilizokusanywa mwaka 2004 juu ya matarajio ya wagonjwa wa kiuno katika nchi mbalimbali zilionyesha vivyo hivyo: wagonjwa walitaka kupunguziwa maumivu, lakini walitaka pia kuguswa na kupimwa kwa makini, kuelezwa wazi chanzo cha maumivu, na kuambiwa wafanye nini, na waliokosa maelezo ndio waliorudi nyumbani bila kuridhika. Mgonjwa aliyepewa vidonge katika dakika mbili bila kushikwa mgongo hajisikii kutibiwa, na kesho yake utamkuta kwingine.

Kutokana na kiu hiyo ya jina na ushahidi, watu wengi hutaka picha. "Nipigwe eksirei nijue." Yafaa wanachama waelewe kwamba picha ya mgongo si kama hesabu ya mizani, ambayo husema kilo ngapi na mambo yakaisha. Wachunguzi waliopitia picha za watu wasioumwa kabisa, katika taarifa iliyotoka mwaka 2015, waliona kwamba hata vijana wa miaka 20 wasio na maumivu, 37 katika kila 100 walikuwa na dalili za kuchakaa kwa zile gegedu laini zilizo baina ya pingili za uti wa mgongo, na kwa wazee wa miaka 80 walikuwa 96 katika kila 100. Kuchakaa huko ni kama mvi. Basi mtu akipigwa picha kwa ajili ya maumivu ya wiki mbili, karibu hakika kitaonekana kitu, na kitu hicho huenda hakihusiani na maumivu yake hata kidogo. Lakini ataambiwa "pingili zimesagika", naye ataogopa kuinama maisha yake yote. Kwa wagonjwa walio wengi, kiasi cha 90 katika kila 100, hakuna picha wala kipimo kinachoweza kuonyesha kwa yakini kilichouma. Hilo halina maana kwamba maumivu ni ya uongo. Maana yake ni kwamba ni misuli, kano na viungo vidogo ambavyo hupona bila kujulikana jina.

Sababu nyingine ni jamaa. Kwetu mgonjwa haamui peke yake. Shangazi atasema apelekwe kwa mganga wa kienyeji fulani, mtoto aliye mjini atatuma nauli ya hospitali ya mkoa, jirani ataleta mafuta ya kuchua. Katibu anapoulizwa mkopo, aghalabu huulizwa na ujumbe wa watu watatu. Sina la kuongeza hapo, isipokuwa kwamba kuchuliwa na mtu mwenye mkono mzuri si jambo la kudharauliwa, nitasema zaidi.

Yote niliyoyaeleza ni juu ya watu wanaokwenda. Lakini mkaguzi hutazama pia safu iliyoachwa tupu, nayo ndiyo inayonisumbua: wale ambao wangepaswa kwenda mapema nao hawakwenda. Katika chama kimoja cha msingi nilikuta mwanachama, mtu mzima mwenye bidii, ambaye kwa miezi mitano alikuwa akidungwa sindano za mgongo katika duka la dawa la sokoni. Kila wiki mbili sindano, kila wiki mbili nafuu ya siku tatu. Kwa sindano hizo alikwisha kuuza ndama wawili na kuchukua mkopo wa dharura. Alikuwa amekonda, suruali ikifungwa kwa kamba, na jioni alijifunika blanketi wakati wenzake wamevua mashati. Alikuwa na kifua kikuu cha uti wa mgongo. Alipogunduliwa, pingili moja ilikuwa imeanza kubonyea, na mgongo umeota kibyongo. Dawa alizopewa hazikumgharimu hata senti, kwa sababu katika vituo vya serikali matibabu ya kifua kikuu hayalipiwi. Alipona, lakini kibyongo hakikurudi ndani. Mwenye duka la dawa hakumwuliza kamwe juu ya homa wala uzito.

Kwa ajili hiyo nawaomba makatibu waijue tofauti, si ili wawe waganga, bali ili wajue nani wa kumhimiza. Maumivu ya kiuno ya kawaida huzidi mtu ainamapo au ainuapo, hupungua akijipumzisha vizuri, na kwa wengi huwa nafuu sana ndani ya wiki sita. Lakini maumivu ambayo hayatulii hata usiku mtu amelala, yenye homa za jioni, jasho la usiku na kukonda, yakimpata mtu yeyote, na hasa mwenye kikohozi cha muda mrefu au mwenye virusi vya UKIMWI, yachunguzwe kifua kikuu. Katika sehemu za wafugaji kuna pia ugonjwa uitwao bruselosi, utokao kwa ng'ombe na mbuzi wanaoharibu mimba, ambao humwingia mtu kwa maziwa yasiyochemshwa au kwa kushika kondo la mnyama. Huleta homa inayokuja na kuondoka, uchovu, na maumivu ya viungo na kiuno. Wengi hutibiwa malaria mara nne au tano kabla mtu hajafikiria maziwa. Mzee mwenye umri wa zaidi ya miaka 50 aliyeanza kuumwa mgongo bila sababu, na hasa kama ana shida ya mkojo, asiambiwe kwamba ni uzee tu, maana saratani ya tezi dume huweza kufika kwenye mifupa ya mgongo. Na mwanamke aliyewahi kutibiwa saratani ya titi asingoje. Aliyeanguka kutoka juu ya mti au juu ya lori apelekwe kupimwa. Mama mjamzito huumwa kiuno mara nyingi bila hatari, ila maumivu yanayokuja na kuachia kwa mpangilio kabla ya wakati wake, au yenye damu au homa, ni ya kliniki siku hiyo hiyo.

Na sasa ile hali ya hatari niliyoahidi kuieleza. Mtu akiumwa kiuno, kisha akaona mkojo hautoki au unatoka bila yeye kujua, au choo kinamponyoka, au sehemu za siri na mahali pakaliapo kiti pamekufa ganzi, au miguu yote miwili inalegea, huyo asilale nyumbani usiku mmoja. Neva za chini ya mgongo zimebanwa, na huenda akahitaji upasuaji haraka. Akicheleweshwa, huweza kubaki na ulemavu wa mkojo na miguu daima. Hali hii ni nadra. Katibu aweza kumaliza utumishi wake bila kuiona. Lakini ikitokea, gari la chama litolewe kwanza na ruhusa iandikwe baadaye. Mimi nikija kukagua sitauliza swali juu ya mafuta hayo.

Kwa walio wengi, ambao hawana dalili hizo, nini cha kufanya? Wazee wetu wa tiba walizoea kusema "lala chali juu ya ubao mgumu wiki mbili". Shauri hilo limepitwa na wakati. Mwaka 1995 zilitolewa taarifa za uchunguzi uliofanywa kwa wafanyakazi wa Jiji la Helsinki, nchini Finland, walioumwa kiuno ghafula. Wengine waliambiwa walale kitandani siku mbili, wengine wafanye mazoezi maalumu ya mgongo, na wengine waendelee na shughuli zao za kawaida kwa kadiri maumivu yatakavyowaruhusu. Waliopona upesi zaidi ni hao wa mwisho. Mgongo haupendi kulazwa. Mkulima aliyeumwa aache kunyanyua gunia, lakini atembee, apalie kidogo, apumzike, arudi tena.

Mwezi Desemba mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake wa kwanza juu ya maumivu ya kiuno ya muda mrefu, yaani yale yapitayo miezi mitatu. Mwongozo huo wapendekeza mgonjwa aelimishwe juu ya hali yake, afanye mazoezi ya mwili, na akihitaji asaidiwe kwa kuchuliwa, kwa tiba ya mazungumzo juu ya hofu na mawazo yake, na kwa dawa za kutuliza maumivu za jamii ya ibuprofeni. Mwongozo huo huo haupendekezi mikanda ya kufunga kiuno, wala kuvutwa mgongo kwa uzito, wala dawa kali za jamii ya afyuni. Ile mikanda ya mpira inayouzwa kwa bei ya debe kadhaa za mahindi, basi, mwanachama asiikopee. Na zile dawa za ibuprofeni na diklofenaki, ziwe vidonge au sindano, zina msaada lakini si maji: zikitumiwa muda mrefu huweza kutoboa tumbo kwa vidonda na kuharibu figo, hasa kwa mzee, kwa mwenye shinikizo la damu, na kwa mama mjamzito. Ni ajabu ya kusikitisha kwamba mtu huanza kwa kuogopa figo zisizo na kosa, kisha huziharibu kwa sindano za kutibu figo hizo.

Mwaka 1997 hadi 1999 katika jimbo la Victoria, nchini Australia, serikali ilitangaza katika televisheni ujumbe mfupi tu: maumivu ya mgongo si sababu ya kulala, endelea na shughuli zako. Imani za watu zikabadilika, hata za madaktari, na madai ya fidia kwa ajili ya mgongo yakapungua. Sisi hatuna televisheni ya chama. Tunao mkutano mkuu, na ubao wa matangazo kwenye ghala, na karani mwenye sauti.

Yabaki mambo yaliyo chini ya mamlaka ya chama chenyewe. Mkataba Namba 127 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1967, wasema kwamba mfanyakazi asilazimishwe kubeba kwa mikono mzigo ambao kwa uzito wake waweza kumdhuru, na pendekezo lililoambatana nao lataja kilo 55 kuwa kipeo kwa mwanamume mzima. Linganisheni na gunia la kilo 100 linalopandishwa juu ya lori kwa mabega ya kijana mmoja, au ile lumbesa ambayo haina hata uzito unaojulikana. Lumbesa tumezoea kuipinga kwa sababu inamwibia mkulima. Yafaa tuipinge pia kwa sababu inamvunja mchukuzi. Kenya, kwa kanuni za viazi za mwaka 2019, iliweka kilo 50 kuwa mwisho wa mfuko wa viazi. Hakuna kinachoizuia kamati ya chama kuamua kwamba katika ghala lake mzigo utafungwa kwa kilo 50, ununuliwe mkokoteni mmoja, na mizani iwekwe mahali ambapo mtu hahitaji kuunyanyua mzigo hadi kifuani ili aufikishe kwenye ndoano. Nasema hivyo kwa sababu uchunguzi umeonyesha kwamba kumfundisha mtu namna ya kuinama na kuinua, bila kupunguza mzigo wenyewe, hakujathibitika kuzuia maumivu ya kiuno. Bango la "Inua kwa magoti" ni rahisi kuliko mkokoteni, na ndiyo sababu linapendwa na kamati.

Makarani, walinzi na wachukuzi walioajiriwa na chama wana haki katika Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2008, iwapo chama kimejiandikisha na kinalipa michango. Mwanachama anayelima shamba lake si mwajiriwa, na Mfuko huo haumhusu. Huyo hutegemea bima ya afya na akiba yake. Nimeona vyama vinavyoajiri wachukuzi kwa msimu bila kuwaandika popote, kisha mmoja akidondokewa na mzigo huchangiwa kwa kofia.

Katika vikundi vya kujifunzia, makatibu waanze kwa kuuliza wanachama watano walioumwa kiuno mwaka huu: ni siku gani uliamua kwenda, na ni nini kilichokuamulisha? Majibu yaandikwe kama yalivyosemwa, bila kutaja majina. Kisha itazamwe orodha ya mikopo ya matibabu ya misimu miwili iliyopita, ionekane ni kiasi gani kilikwenda kwenye vipimo na sindano, na ni nani kati ya waliokopa aliyepata kuulizwa juu ya homa, kukonda, au mkojo. Na katika kila ghala liwekwe daftari moja la ajali, lenye tarehe, saa, jina la aliyeumia, uzito wa mzigo na jina la shahidi, liandikwe siku ile ile kabla mtu hajaondoka kituoni. Daftari hilo nitaliomba pamoja na daftari la fedha katika ukaguzi wa msimu ujao.